“Mama anasema hii ni kazi ya nyanya”

UZI NA SINDANO: Maswali yenu kuhusu kazi za mkono

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Umoja, Nairobi, na nimeajiriwa kuandika risiti katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kirinyaga Road. Krosheti nilifundishwa na nyanya huko Murang’a nikiwa darasa la tano. Siku hizi nafuma ndani ya matatu, maana msongamano wa Jogoo Road hunipa saa nzima asubuhi na nyingine jioni. Kufikia sasa nimeuza vitu 11: blauzi, kofia na magauni mawili. Blauzi nauza Sh1,500. Huwa inakula madonge matano ya uzi ya Sh180 kila moja, na kama saa 20 za kazi.

Mwezi uliopita nilimfumia mteja gauni la pamba la kuvaa kwenye ruracio (sherehe ya mahari) ya dadake. Ijumaa alipolijaribu lilimfika chini kidogo ya magoti. Jumamosi jioni akanitumia picha, gauni linafagia nyasi. Amekataa kulipa Sh2,000 zilizosalia na gauni amelirudisha kwa mtu wa boda. Nililia, mama.

Mama yangu mzazi naye anasema nyanya alikuwa anapamba makochi, hakuwa anatafuta kodi ya nyumba. Nitajuaje kama huu ni wito wangu kweli, au natafuta tu njia ya kuikimbia kazi inayonichosha? Niache kazi?
Wa Sindano, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo swali la wito nitalifikia. Kwanza tulizungumzie gauni, kwa sababu ndilo lililonifanya niichague barua yako.

Hakuna uchawi hapo. Pamba ni nzito, tena si kama sufu: ikishavutika hairudi upesi. Krosheti nayo hula uzi kuliko sweta ya sindano mbili. Ukichukua uzi mzito ukaufuma kwa mafundo marefu yenye matundu, umemtundikia mtu mzigo mabegani, na huyo mtu ana siku nzima ya kucheza, kuketi na kuinuka. Gauni langu la kwanza nililipeleka buchani. Sisemi kwa mfano. Nilivuka barabara nikamwomba mwenye bucha anipimie, akatandika gazeti safi kwenye mizani, likasoma kilo moja na robo. Akaniuliza, “Hii ni ya mchuzi ama ya kukaanga?” Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa kwa nini pindo lilishuka karibu shubiri nzima.

Sasa kabla hujaanza jingine, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kwa uzi ule ule na sindano ile ile. Kioshe, kitundike kwenye kamba kwa vibanio, na pembeni mwa chini bania vijiko viwili vya chuma. Asubuhi kipime. Kikiwa kimetoka 15 kikafika 17, gauni ulilokusudia liwe sentimita 100 litakwenda hadi 113 au hapo karibu, na wewe utalifuma fupi mapema. Mabegani na kiunoni tumia mafundo mafupi na sindano ndogo kidogo. Kama mwili wa gauni unaufuma kwa sindano ya milimita 4, hapo shuka hadi 3.5. Ndani ya mshono wa bega shonea utepe wa pamba usiovutika. Halafu mwambie mteja alikunje kabatini, asilitundike kwenye hanga.

Zile Sh2,000 zisamehe. Najua umefanya kazi, najua umelia, lakini mteja alinunua gauni la magotini akapata la kufagilia. Ningekuwa yeye nami nisingelipa.

Lakini kuna jambo hukuniambia. Hilo gauni liko wapi sasa?

Kama umelisukuma chini ya kitanda ili usilione tena, basi una mikono mizuri na kazi ya kupendeza ya kufanya ndani ya matatu. Hilo si tusi, na watu wengi wanaishi vizuri hivyo. Kama umelitandaza sakafuni ukaanza kuhesabu ni mstari wa ngapi uliovutika kuliko mingine, na pengine umeanza kulifumua, basi tuna mazungumzo mengine.

Nikueleze yangu. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja mjini, na jioni nilifuma vitambaa kwa ajili ya chama chetu. Nyumba ya mtu aliyejiweza miaka hiyo ilivishwa kama bibi harusi: kitambaa cha kochi kubwa, vya makochi madogo, vya mikono ya makochi, cha meza, cha redio, na televisheni ikiwapo, nayo chake. Mchoro ulikuwa nanasi. Nimefuma mananasi mengi kuliko yale ya Thika.

Basi Julai moja tulikuwa kwenye matanga Kariobangi, usiku, baridi ile unayoijua. Mkobani nilikuwa na kitambaa cha meza cha mwanachama mmoja, nikakitoa nikajitanda mabegani. Mama aliyeketi kando yangu akanitazama kwa muda mrefu, akasema kimenipendeza, ila mananasi yananing’inia kichwa chini kama popo. Kweli. Kitambaa cha meza huanzia katikati kikapanuka kwenda nje, kwa hiyo ukijitanda, ncha zote zinaelekea chini. Kwenye meza hakuna anayejali. Kwa mtu, ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

Niliporudi nyumbani nilijaribu kuanzia pindoni nikipanda juu, mananasi yasimame. Yakasimama, lakini mwili wa mtu hupungua ukielekea shingoni, na mananasi yangu hayakukubali kupungua. Nikipunguza mafundo, mchoro unavunjika. Nafumua. Narudia. Nafumua. Mara ya nne nikaiacha hesabu ya mafundo vile vile nikabadilisha sindano kila nilipopanda: 5, kisha 4.5, kisha 4, mpaka 3.5. Mananasi yakawa makubwa chini na madogo juu, kama tunda linavyoonekana ukilitazama kwa mbali. Mwanachama wangu alikingoja kitambaa chake wiki sita na mwishowe nikamnunulia cha dukani.

Sikusikia sauti yoyote ikiniita, mwanangu. Niliudhika tu na mananasi yaliyopinduka, na ile hasira haikuisha mpaka yaliposimama. Nikiulizwa wito ni nini, hicho ndicho ninachokijua. Furaha ya kufuma kila mtu anayo. Hata mimi huipata nikifuma vitambaa vya vyombo. Ile kero ya kitu kisichokaa sawa, ambayo hakuna mteja aliyekutuma uitatue, ndiyo ninayoitafuta kwa kijana anayeniambia anataka kuwa mbunifu.

Katika vitu vyako 11, vingapi ulivitoa kwenye simu? Sikulaumu, sote tunanakili. Mimi nilinakili kutoka magazeti ya kizungu ambayo sikujua hata kuyasoma vizuri. Na hapo uwe macho: fundo ambalo Mmarekani huliita singo, Mwingereza huliita dabo. Neno “dabo” ni moja, lakini kwao ni mafundo mawili tofauti. Kama umewahi kufuata maelezo neno kwa neno blauzi ikatoka kubwa kama pazia, angalia kwanza aliyeandika ni wa wapi.

Nguo zako tatu zinazofuata zifume bila simu. Nenda soko la mitumba la Gikomba au Toi ununue blauzi ya kitambaa cha kawaida, ya bei ya chini kabisa, inayokukaa vizuri. Ifumue mishono yote kwa wembe, polepole. Vipande vyake vitandaze juu ya gazeti, vipige pasi, uchore mzingo wa kila kimoja: mbele, nyuma, mkono. Ule mkunjo wa kwapani, angalia ulivyokatwa. Wa mbele umeingia ndani kuliko wa nyuma, kwa sababu mikono ya watu huja mbele. Mafundi cherehani wa Uhuru Market wanalijua hilo wakiwa usingizini. Wafumaji wengi hawalijui, ndiyo maana krosheti nyingi ni miraba iliyounganishwa ikaachiwa shimo la kichwa. Sasa fuma kila kipande huku ukikilaza juu ya gazeti kila baada ya mistari michache. Gazeti litakuambia lini uongeze na lini upunguze.

Ukiwa huko huko Gikomba, tazama sweta. Uzi mwingi wa dukani ni wa akriliki, na rangi zake unazijua: maruni, kijani cha chupa, buluu ya shule, kwa sababu biashara kubwa ya nyuzi kwetu ni sweta za wanafunzi. Lakini ndani ya marobota ya mitumba kuna pamba, kuna sufu, kuna kitani, katika rangi ambazo Biashara Street haijawahi kuzipata. Soma kibandiko cha ndani. Kisha geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umepigwa ovaloku, ule mshono wa mashine unaofunga kingo zilizokatwa, achana nayo hata ikiwa nzuri vipi, maana kitambaa kilikatwa na kila mstari utakupa kijipande cha uzi cha urefu wa kifua. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, hiyo nunua. Kata ule uzi, vuta, mbavu zitaachana zenyewe, na utafumua uzi mmoja mrefu kuanzia shingoni hadi pindoni. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijisokote, uuoshe kwa maji ya vuguvugu na uuanike ukiwa na uzito kidogo ili ile mikunjo ya uzi inyooke. Na sufu iliyokwisha kugandamana kwa maji moto, ile iliyokuwa ngumu kama blanketi la jeshi, haifumuki hata umbembeleze.

Ukinunua uzi mpya, angalia namba ya loti (madonge yaliyotiwa rangi pamoja) kwenye karatasi ya donge na ununue yote kwa mkupuo. Maruni ya leo na maruni ya mwezi ujao si maruni moja, na jua la saa sita litakuumbua.

Tuje kwa pesa. Umenipa hesabu, ngoja niimalize. Blauzi Sh1,500, uzi Sh900, zinabaki 600. Toa nauli ya kwenda kuuchukua uzi, tuseme 120, zinabaki 480. Gawa kwa saa 20. Unajilipa shilingi 24 kwa saa. Anayesukuma mkokoteni wa maji hapo Umoja angekucheka. Utaniambia wateja wanasema blauzi ya krosheti Toi ni Sh200. Waambie hivi: sweta mashine inafuma, lakini krosheti ya kweli mpaka leo haijapata mashine ya kuifuma. Zile za viwandani ama ni kitambaa cha mashine kilichoigizwa, ama zimefumwa na mtu fulani, mahali fulani, aliyelipwa kidogo mno. Hiyo ya Sh200, kama ni krosheti ya kweli, imepitia mkononi mwa mtu kama wewe. Usishindane na umaskini wake.

Anza na Sh3,000 kwa blauzi na upunguze saa zako. Saa 20 ni nyingi. Baada ya blauzi tano za umbo moja utakuwa unamaliza kwa 14. Nusu ya malipo ipokee kabla hujagusa uzi. Anayekataa kutoa nusu leo atakataa kutoa nusu nyingine siku ya kuchukua. Hili nimelijifunza kwa machozi, na mteja mwenyewe alikuwa wa kanisa letu.

Kazi usiache. Uzi hununuliwa kwa mshahara. Tena nikwambie siri: lile duka la vifaa linakufundisha kitu ambacho wabunifu wengi hawana, yaani kuandika risiti na kujua bidhaa gani imelala stoo. Siku pesa ya krosheti itakapolipa kodi ya nyumba miezi sita mfululizo, ukijumlisha Januari, niandikie tena. Januari hakuna anayenunua blauzi Nairobi, watu wananunua hizo hizo sweta za maruni.

Mama yako. Ana haki ya kuogopa. Kizazi chake kiliona krosheti kama kitu cha kufanywa vikundini jioni. Shirika la akina mama la Maendeleo ya Wanawake lilipoanzishwa mwaka 1952, ushonaji na ufumaji vilifundishwa pamoja na usafi wa nyumba na malezi ya watoto, na picha hiyo haijatoka vichwani. Lakini huko Ireland, wakati wa njaa kuu ya viazi miaka ya 1840, wanawake walifuma lesi za krosheti kwa kulabu ndogo ndogo wakaziuza Uingereza na kwingineko, na kuna familia zilizonusurika kwa hiyo. Usimsomee mama historia lakini, utaonekana mjuaji. Mfumie kitu. Mpime mabega kwa tepu akiwa amesimama jikoni, muulize anataka mikono ifike wapi. Sijui mama aliyewahi kupimwa na bintiye akabaki na maneno yale yale.

Na lile gauni, lifumue. Ni uzi mzuri.

SWALI: Habari ya kazi, mama. Mimi ni mlinzi wa usiku Kilimani. Nafuma kofia za watoto langoni ili nisilale, na wapangaji wawili wameshanunua. Wenzangu wananicheka kwamba mwanamume hafumi. Nifiche?
Baba Watoto Watatu

JIBU: Njema, ndugu yangu. Waulize hao wenzako wanatoka wapi. Kama kuna wa Mbita au Homa Bay, mwambie apige simu nyumbani aulize nani anatengeneza nyavu zikipasuka ziwani. Kama ana kaka anayefanya sweta za shule kwa mashine, muulize vile vile, kwa sababu mafundi wengi niliowaona kwenye mashine hizo ni wanaume.

Usifiche, ila omba ruhusa kwa mwajiri, usije ukaambiwa ulikuwa unafuma mwizi akipita. Na kofia za watoto wachanga usizifume kwa uzi unaotoa manyoya wala usizitie vifungo. Mtoto hutia kila kitu mdomoni. Pima kichwa, usikisie. Mtoto aliyezaliwa juzi ni kama sentimita 35, na wa mwaka mmoja ni karibu 46. Ukitaka wapangaji wengine waone, mvalishe mmoja kofia bure, wa yule mama anayetoka na kigari cha mtoto kila Jumapili.

SWALI: Kidole gumba cha kulia kinaniuma nikifuma zaidi ya saa moja. Nina oda ya vikoti vinne kabla ya Pasaka. Kuna dawa?
Rafiki wa Uzi, Kahawa West

JIBU: Dada, oda ni vikoti vinne, kidole ni kimoja. Sindano nyembamba ya chuma hukufanya uibane kama kalamu ya mtihani. Nenda kwa fundi wa baiskeli umwombe kipande cha mpira wa ndani uliotoboka. Kikate utepe wa upana wa kidole kidogo, uzungushe kwenye shina la sindano mpaka liwe nene kama kalamu ya maka, ufunge mwisho kwa uzi. Yangu ina miaka tisa na bado inanuka baiskeli.

Pumzika kila nusu saa, funua na ufunge kiganja, na uangalie kama unavuta uzi kwa nguvu mno. Fundo likihitaji kusukumwa ili sindano ipite, umekaza. Vidole vikiwa vinakufa ganzi usiku, hapo si habari ya mpira tena, nenda ukaonwe na daktari, na yule wa vikoti umpigie leo umwambie viwili vitakuwa tayari kwa Pasaka na viwili baadaye.